Shampeni Imepaa Bei: Jinsi ya Kuchagua Mvinyo wa Povu Unaostahili Pesa Yako

Shampeni hutoka eneo moja tu, Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, kandokando ya miji ya Reims na Épernay. Mvinyo wa povu wa kwingineko, hata uwe mzuri vipi, karibu kote duniani lazima uuzwe kwa jina jingine, na nafuu imejificha kwenye hayo majina mengine.

Kwanza jua pesa inakwenda wapi. Kanuni za Champagne zinataka zabibu zichumwe kwa mkono, na kilo 4,000 zisitoe zaidi ya lita 2,550 za maji ya zabibu. Hiyo ni karibu kilo 1.2 kwa chupa ya mililita 750. Kilo moja huko inazidi euro 6, kwa hiyo chupa imeshameza euro 7 na ushee kabla hata kizibo hakijanunuliwa. Kisha mvinyo hukaa pishini miezi 15 angalau, mtaji ukiwa umelala. Aprili 2021 baridi kali iliunguza machipukizi, kuvu ikamalizia yaliyobaki, na mavuno yakawa haba wakati uleule wanywaji walipokuwa wanarudi kwa kishindo: mwaka 2022 ziliuzwa zaidi ya chupa milioni 325. Kufikia 2024 mauzo yalikuwa yameteremka hadi kama milioni 271, lakini bei haikuteremka nayo. Ukingoja ishuke utangoja sana.

Sasa, ile ladha unayoilipia inatokana na kazi moja. Mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na chachu, kisha hufungwa. Chachu hula sukari na kutoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea huyeyuka ndani ya mvinyo. Chachu ikishakufa hugeuka mashapo, na mvinyo ukiyalalia kwa miezi mingi hupata harufu ya mkate na njugu, na povu lake huwa laini mdomoni. Kazi hiyo haina hatimiliki. Inafanywa Hispania, Italia, Afrika Kusini na hata Uingereza.

Kwa hiyo dukani anza na lebo. Tafuta maneno Méthode Traditionnelle, Metodo Classico (Italia), Cap Classique (Afrika Kusini), Cava (Hispania) au Crémant (Ufaransa). Yote yanamaanisha povu lilizaliwa ndani ya chupa. Prosecco ya Italia karibu yote hupatia povu lake kwenye tangi kubwa la chuma. Si mbaya, ina harufu ya peasi na maua na inafaa sana kuchanganywa na juisi, ila usiinunue kwa bei kubwa ukitarajia ule mkate. Haumo.

Pili, hesabu miezi. Hiki ndicho kipimo kinachosaidia kuliko medali zote zinazobandikwa kwenye chupa. Cava ya kawaida hukaa na mashapo miezi 9, Reserva 18, Gran Reserva 30. Crémant huanzia miezi 9, lakini Crémant de Bourgogne iliyoandikwa Éminent ina 24 na Grand Éminent 36, tena mara nyingi kwa zabibu zilezile za Champagne, Chardonnay na Pinot Noir. Franciacorta ya Italia huanzia 18, ingawa bei yake nayo imeanza kujiona. Cap Classique huanzia 12. Shampeni ya kawaida isiyo na mwaka wa mavuno kwenye lebo inatakiwa kulalia mashapo miezi 12 tu kati ya ile 15. Weka Gran Reserva ya miezi 30 kando ya shampeni ya bei ya chini kabisa, na mara nyingi Gran Reserva ndiyo itakayoshinda kwa ladha na kwa bei.

Tatu, angalia sukari, maana hapa wengi hunaswa. Brut ina chini ya gramu 12 kwa lita, Extra Brut haizidi 6. Extra Dry inasikika kama ndiyo kavu zaidi, kumbe ina gramu 12 hadi 17, yaani ni tamu kuliko Brut. Demi-Sec ina 32 hadi 50. Hiyo ni ya keki.

Kwa aliye Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, Cap Classique kwa kawaida ndiyo rahisi kuipata, kwa kuwa mvinyo wa Afrika Kusini umejaa madukani. Shamba la mvinyo la Simonsig lilitoa ya kwanza kutokana na mavuno ya 1971, kwa hiyo si mambo ya kujaribu jana. Adui wako ni rafu: mwanga na joto huharibu mvinyo wa povu haraka, hasa ulio kwenye chupa isiyo na rangi. Iache ile iliyosimama dirishani, omba iliyo ndani ya katoni, na ununue kwenye duka lenye kiyoyozi. Shingo ikinata, kizibo kimevuja. Baadhi ya lebo za nyuma huonyesha tarehe ya kutoa mashapo. Kwa chupa isiyo na mwaka wa mavuno, chagua iliyotolewa mashapo ndani ya miaka miwili iliyopita.

Ukiwa lazima upate shampeni yenyewe, soma herufi ndogo chini ya lebo. RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake, CM ni ushirika wa wakulima. Hao hawana gharama za matangazo ya kampuni kubwa za shampeni.

Harusini, chupa moja hutoa glasi 7 za mililita 100 za kugonganisha, kwa hiyo wageni 100 wanahitaji chupa 15.

Ipoze hadi nyuzi 8 au 10: kwa muda wa saa nne kwenye friji, au nusu saa kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji, kwa sababu barafu tupu haigusi chupa vizuri. Kwenye jokofu la kugandisha inaweza kupasuka. Kufungua, toa karatasi, bana kizibo kwa dole gumba, legeza waya mizunguko sita nusu-nusu, inamisha chupa, kisha zungusha chupa na si kizibo. Ikimwagika kwa fujo, ilikuwa na joto au ilitikiswa. Glasi zisuuzwe vizuri, maana mabaki ya sabuni huua povu.

Ikibaki, ifunge kwa kizibo chenye kibano na uirudishe friji; itafaa hadi kesho. Wengine huweka kijiko cha fedha shingoni; hakisaidii chochote.