Namna ya Kukagua Taa ya Kugandishia Kompoziti ya Meno
Taa ya kugandishia kompoziti, yaani nyenzo ya kuzibia meno, huweza kuonekana inawaka vizuri ilhali nguvu yake imeshapungua, na jicho haliwezi kuitambua tofauti hiyo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kichukuliwe taa ikiwa mpya. Elekeza ncha katikati ya kidirisha cha radiomita (kifaa cha kupima nguvu ya mwanga), andika kipimo daftarini, kisha urudie kila wiki kwa radiomita ileile, kwa kuwa vifaa hivi hutofautiana mno na kinachotafutwa hasa ni kushuka kutoka kipimo cha awali.

Kabla ya kulaumu betri, kagua ncha. Mara nyingi hukutwa ukoko wa kompoziti iliyoganda, unaozuia mwanga. Uondoe taratibu bila kukwaruza kioo. Pima pia taa ikiwa imevikwa mfuko wake wa plastiki, maana ndivyo inavyoingia mdomoni.

Pasipo radiomita, jaza kompoziti kwenye kibomba cha chuma, imulike upande mmoja kwa sekunde alizoelekeza mtengenezaji, ukiwa umevaa miwani ya rangi ya chungwa, kisha isukume nje na ukwangue sehemu laini ya chini. Kiwango cha kimataifa cha nyenzo za kuzibia meno, ISO 4049, hugawa urefu uliobaki kwa 2; ukipata milimita 1.5, usijaze tabaka la milimita 2.