Nailoni yenye kaboni inakatika? Fanya hivi kabla hujaprinti tena

Wadau, breketi ya mota niliyoprinti kwa printa ya 3D kwa ajili ya mashine ya kupukuchua mahindi ya mzee mmoja wa Uyole, Mbeya, ilikatika siku ya pili tu, na ni nailoni ya kaboni kabisa, yaani plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kaboni. Nikaishika nikaiangalia, imeachana bapa kama slesi ya mkate, hakuna palipochanika. Hapo ndo nikaelewa kaboni haina kosa, plastiki yenyewe haikushikana tabaka kwa tabaka.

Sa anza na unyevu. Nailoni inakunywa maji ya hewani, na huku kwetu Novemba mpaka Aprili ni mvua tupu, watu wa Tukuyu ndo usiseme. Ukisikia nozo (kile kidomo kinachotoa plastiki) inalia tss tss na uzi unatoka na vipovu, simamisha kazi, hayo ni maji yanachemka na kila kipovu ni tundu ndani ya kipande chako. Kausha rola zima la uzi kwenye oveni digrii 80 kwa masaa 8 mpaka 12, joto pima na kipimajoto cha pembeni maana swichi ya oveni haiaminiki, afu printi likiwa ndani ya boksi lililofungwa lenye silika jeli ya kunyonya unyevu.

Halafu mlalo, na hapa ndo wengi tunakosea. Zile nyuzi za kaboni ni vipande vifupi mno, vinalala kufuata njia ya nozo, hakuna kinachovuka kwenda tabaka la juu, kwa hiyo jiulize mzigo unavuta kwenda wapi na ulaze kipande mvuto ufuate matabaka, usiyaachanishe. Breketi yangu ya umbo la L niliisimamisha, nilipoilaza ubavu ikashika.

Feni ya kupoza kipande izime, joto la nozo panda juu kidogo ndani ya kiwango cha mtengenezaji, kuta za nje za kipande weka 5 au 6. Nozo iwe ya chuma kigumu, tundu la milimita 0.6, ya shaba kaboni inaitafuna haraka sana.

Ukimaliza, fukia kipande kwenye mchanga mkavu ndani ya oveni, digrii 90 hivi masaa 6, kisha zima na ukiache kipoe humohumo, ukikitoa cha moto kinapinda. Kinasinyaa kidogo, kwa hiyo matundu ya bolti toboa baada ya hapo, na weka washa pana. Wakati wa kutoboa na kupiga msasa vaa barakoa tafadhali, vumbi la kaboni si la kuvuta.