Namna ya Kugundua na Kuainisha Spishi Mpya ya Mdudu, Aliye Hai au Kisukuku

Mwaka 1950 mdudu mmoja dume asiye na mabawa alikamatwa Ufipa, kusini-magharibi mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika, akaishia katika Makumbusho ya Historia Asilia ya London, ambako alikaa nusu karne pasipo mtu kujua ni wa kundi gani. Mwaka 2001 Oliver Zompro, mtaalamu Mjerumani wa wadudu-vijiti, alieleza kisukuku cha ajabu kilichohifadhika ndani ya kaharabu (utomvu wa mti uliogeuka jiwe) ya Baltiki, akakiita Raptophasma. Baadaye alimwona yule mdudu wa Ufipa, na mwingine wa Namibia aliyekusanywa mwaka 1909 na kuhifadhiwa Berlin, akatambua kwamba wote watatu ni wa ukoo mmoja. Mwaka 2002 yeye na wenzake walitangaza oda mpya ya wadudu, Mantophasmatodea, ya kwanza tangu 1914, na mwaka huohuo msafara ukawapata wadudu hao wakiwa hai katika mlima wa Brandberg, Namibia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinapindua mpangilio ambao wengi tunaufikiria. Tunadhani ugunduzi hufanyika porini, mkono mmoja umeshika wavu na mwingine umeshika tochi, kumbe mara nyingi hufanyika mezani, mbele ya droo ya zamani, na mtu anayegundua si yule aliyekamata. Hatua zinazofuata zimeandikwa kwa mtazamo huo: kila unachokifanya leo kifae kwa mtu atakayefungua sanduku lako miaka hamsini ijayo.

Kibali kwanza

Nchini Tanzania utafiti unahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na Kenya kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia ya huko. Hifadhi za taifa na misitu huwa na taratibu zake za ziada. Kusafirisha vielelezo nje ya nchi ni jambo jingine tena, hasa tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki za viumbe, ilipoanza kutumika mwaka 2014. Usichukulie hili kama karatasi za kuudhi tu, kwa kuwa majarida mengi hayapokei maelezo ya spishi ambayo vielelezo vyake vilitoka nchini kinyemela.

Kukamata na kuhifadhi

Mtego mmoja hauwezi kukupa picha kamili ya eneo. Wavu wa kufagia nyasi hukupa panzi, kunguni wa mimea na nyigu wadogo. Kikombe kilichofukiwa ardhini mpaka mdomo wake ulingane na udongo hukupa mbawakawa na sisimizi watembeao usiku. Taa mbele ya shuka jeupe huwaita nondo. Na hema la kitambaa lililobuniwa na Msweden René Malaise katika miaka ya 1930 hukamata nzi na nyigu kwa maelfu bila wewe kuwapo, mradi chupa iliyo kileleni ina ethanoli.

Ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 huwaacha wadudu wakiwa laini na wanafaa kuchunguzwa umbo, lakini ikiwa unakusudia kusoma DNA tumia ya asilimia 95 au zaidi na uweke chupa mahali pa baridi. Vipepeo na nondo wasiingizwe kwenye kimiminika, maana magamba ya mabawa yao huharibika. Mbawakawa huchomwa pini kupitia bawa gumu la kulia, si katikati, ili alama zilizo kwenye mstari wa kati zisitobolewe na upande wa kushoto ubaki mzima. Kisha zuia mende na sisimizi wasiyafikie masanduku yako, kwani katika nchi za joto mkusanyiko wa mwaka mzima unaweza kuliwa kwa wiki moja.

Lebo

Mdudu asiye na lebo ni pambo. Andika nchi, mkoa, wilaya, jina la mahali, latitudo na longitudo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, njia ya kukamata na jina la mkusanyaji, kwa penseli au kwa wino usioyeyuka katika ethanoli, siku ileile. Mwezi uandikwe kwa tarakimu za Kirumi, kwa mfano 5.iv.2024, kwa sababu Mmarekani akisoma 5/4 atadhani ni Mei. Yule mdudu wa Ufipa alikuwa na thamani baada ya miaka hamsini kwa kuwa lebo yake ilieleza alikotoka. Bila lebo, hakuna ambaye angejua kwamba wadudu hai wa kundi hilo wamewahi kuonekana kaskazini kiasi hicho.

Kulinganisha

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi hukimbia. Anza kwa ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali ya jozi unaokupeleka kutoka oda hadi familia, kisha jenasi. Ufunguo ukikwama, usilazimishe: huenda umesoma sifa vibaya, huenda ufunguo ulitungwa kwa wadudu wa Ulaya, na mara chache sana huenda una kitu kipya mkononi. Karibu spishi milioni moja za wadudu zimekwisha kupewa majina, na makadirio yanayotajwa mara kwa mara huweka jumla halisi kwenye milioni tano na nusu hivi. Kwa hiyo kitu kipya kipo, lakini lazima kwanza uthibitishe kwamba si kimojawapo cha vile vya kale.

Uthibitisho huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni maandishi: kusanya kila maelezo ya spishi za jenasi hiyo, hata yaliyoandikwa kwa Kijerumani au Kifaransa mwaka 1905 na yanayosema tu kwamba mdudu ni mweusi na miguu yake ni ya kahawia. Ya pili ni vielelezo vyenyewe. Kila jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo kimoja kinachoitwa holotaipu, na maelezo yasipotosha lazima uione holotaipu hiyo au picha zake nzuri. Holotaipu nyingi za wadudu wa Afrika Mashariki ziko London, Berlin, Paris, Stockholm na Tervuren (Ubelgiji), jambo linalomgharimu mtafiti wa Morogoro au Nairobi kuliko linavyopaswa. Afadhali picha zinaendelea kuwekwa kwenye intaneti, na wasimamizi wa makumbusho huwajibu wanaoandika barua kwa adabu na kwa swali mahususi.

Rangi hudanganya, na ukubwa hutegemea chakula alichokula buu. Katika makundi mengi sifa inayotenganisha spishi zinazofanana ni viungo vya uzazi vya dume, ambavyo hutolewa kwa koleo nyembamba, huloweshwa katika hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 hadi misuli iyeyuke, kisha huchorwa chini ya hadubini. Nasema huchorwa kwa makusudi: picha huonyesha kila kitu, mchoro huonyesha ulichokielewa.

Tangu mwaka 2003, Paul Hebert wa Kanada alipopendekeza kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 kuwa msimbomilia wa wanyama, yaani alama ya kutambulisha spishi, kazi imerahisika sana. Msimbo huo hukusaidia kuunganisha dume na jike wasiofanana, au buu na mdudu mzima. Hata hivyo spishi changa zinaweza kuwa na msimbo mmoja, na spishi moja iliyoenea sana inaweza kuwa na misimbo inayotofautiana. Tofauti ya msimbo, ya umbo na ya makazi zikielekea upande mmoja, endelea. Zikipingana, tafuta vielelezo zaidi.

Visukuku

Kisukuku hakikupi DNA. Madai ya miaka ya 1990 kwamba DNA ilipatikana kwa wadudu wa kaharabu hayakuweza kurudiwa na maabara nyingine, kwa hiyo utategemea umbo peke yake, tena umbo lililokatika.

Katika jiwe, kinachosalia mara nyingi ni bawa. Lowesha uso wa jiwe kwa ethanoli kidogo na uelekeze mwanga kutoka pembeni, karibu na usawa wa jiwe, nawe utaona mishipa ikijitokeza. Ichore mmoja mmoja na uipe majina yake, kosta, subkosta, radiusi, media, kubitusi, kwa kuwa mpangilio wa mishipa ndio utakaokuambia familia. Jiwe likipasuka vipande viwili, hifadhi vyote, maana kimoja kina chapa na kingine kina mdudu. Umri hautoki kwa mdudu bali kwa tabaka la mwamba, hivyo kisukuku kilichookotwa bila kumbukumbu ya tabaka kimepoteza nusu ya habari yake. Ikumbukwe pia kwamba kuchimba visukuku bila kibali ni kosa la kisheria Kenya na Tanzania.

Kwa kaharabu, jihadhari na sandarusi. Watu wa pwani yetu wanaijua vizuri: katika karne ya 19 ilichimbwa Mrima na kuuzwa ng'ambo kupitia Zanzibar ili kutengenezea vanishi. Ni utomvu uleule wa mti, ila haujakaa ardhini muda wa kutosha kuwa kaharabu, na mdudu aliyemo anaweza kuwa wa spishi inayoruka nje ya dirisha lako leo, ilhali kaharabu ya Baltiki ina umri wa miaka milioni 40 hivi. Weka tone la asetoni mahali pasipo na mdudu: sandarusi hunata, kaharabu hainati. Kipimo cha maji ya chumvi nyingi, ambacho wauzaji hukipenda, hakitenganishi viwili hivi, kwani vyote huelea. Hufichua plastiki nyingi, basi. Ukishahakikisha, sugua kipande kwa msasa laini kabisa hadi uso uwe bapa mbele ya sehemu unayotaka kuiona.

Usikipe kisukuku jina la jenasi ya leo kwa sababu tu wanafanana usoni. Zompro aliunda jenasi mpya kwa kuwa mdudu wake alikuwa na sura ya vunjajungu na ya mdudu-kijiti kwa pamoja bila kutimiza sifa za yeyote kati yao, na kukiri huko ndiko kulikofungua mlango.

Jina na uchapishaji

Majina ya wanyama, hai na visukuku, hufuata kanuni moja ya kimataifa, na hesabu yake huanzia toleo la kumi la kazi ya Linnaeus, 1758. Jina liwe la maneno mawili kwa herufi za Kilatini, liwe halijatumika katika jenasi hiyo, na liambatane na maelezo yanayotaja tofauti. Tangu mwaka 2000 lazima pia utaje holotaipu waziwazi pamoja na taasisi inayoihifadhi. Na tangu 2012 chapisho la kielektroniki linakubalika likisajiliwa ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Kuipa spishi jina lako mwenyewe hakukatazwi na kanuni, ila wenzako watakucheka. Jina la mahali hufaa zaidi, kama usambarensis kwa mdudu wa Usambara.

Weka holotaipu katika makumbusho ya umma, ikiwezekana ya nchi alikotoka mdudu, na parataipu, yaani vielelezo vingine ulivyotumia kuielezea spishi, katika taasisi nyingine, ili moto mmoja usiteketeze zote. Kisha tarajia kusahihishwa. Mdudu wa Ufipa alichapishwa mwaka 2002 kwa jina Mantophasma subsolana, neno la pili likitokana na jina la Kilatini la upepo wa mashariki, naye mwenzake wa Namibia akaitwa zephyra, upepo wa magharibi. Mwaka mmoja baadaye alihamishiwa jenasi yake mwenyewe, Tanzaniophasma, ndiyo maana leo majina ya waliomwelezea huandikwa ndani ya mabano: mabano hayo humwambia msomaji kwamba spishi imehama kutoka jenasi iliyowekwa mwanzo. Na ile oda yenyewe, baadhi ya wataalamu sasa huishusha daraja na kuiweka pamoja na wadudu wa barafu katika oda moja, Notoptera, huku yule dume wa 1950 akiendelea kuwa holotaipu, kwa lebo ileile.