Usibishane na sauti anazozisikia

Wenye ndugu anayeugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, hili limetusaidia nyumbani. Akisema kuna watu wanamsema, usimwambie "acha uzushi." Sauti anazisikia kweli, kama wewe unavyosikia adhana. Wala usijifanye unazisikia nawe. Mimi humwambia mdogo wangu: "Mie sizisikii, ila naona zinakusumbua. Njoo tukae nje." Tukifika barazani namkabidhi nazi na mbuzi, anakuna, redio inaimba chinichini. Mikono ikishughulika, mara nyingi sauti hupungua makali. Si dawa hiyo, ni ahueni tu.

Dawa yake ni sindano ya kila mwezi. Tarehe tumeiandika kwa chaki nyuma ya mlango, maana kadi haikai mahali pamoja. Hapa Ngamiani wapo wanaosema ni jini la baharini. Sigombani nao; dua wasome, sindano isirukwe. Shingo ikikakamaa au macho yakapanda juu baada ya kuchomwa, msimwachishe dawa kienyeji. Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, kuna dawa ya kuyatuliza hayo. Mirungi na bangi, mbali kabisa.

Na mtafutieni kajikazi, hata kadogo. Mama wa genge pale kona humtuma maji ndoo mbili kila asubuhi, anampa mia tano na kumwita "baba." Watoto waliokuwa wakimwita chizi siku hizi wanamsaidia kubeba.