Papai bichi, papai bivu: namna ya kulichagua, kulipika na kulila

Kijana ninayenunua kwake mapapai katika Soko la Mgandini, hapa Tanga, haniulizi nataka mangapi. Huniuliza, "Mama, la leo, la kesho kutwa, au la nyama?"

La leo ni la kuliwa jioni hiyohiyo. La kesho kutwa limeanza mistari ya manjano. La nyama ni bichi kabisa, gumu kama dafu, na ukilichanja kwa ukucha linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Tunasema "papai" kana kwamba ni kitu kimoja, lakini jikoni ni vyakula viwili. Bivu ni tunda. Bichi ni mboga, na pia ni kilainishi cha nyama. Kinachovitenganisha ni utomvu, na asiyeujua utomvu ataharibu papai, nyama au maziwa, moja kati ya hayo matatu. Nauza juisi mchana na mishkaki jioni, mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo yote mawili hupita mikononi mwangu kila siku.

Hatua ya 1: Chagua sokoni

Kwa kula, tafuta papai ambalo angalau robo ya ganda imegeuka manjano. Likiwa na mistari hiyo litaiva vizuri nyumbani. Lililochumwa likiwa kijani kotekote litalainika tu, utamu hautakuja, maana papai halina akiba ya wanga ya kugeuza sukari kama ndizi. Bonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba: libonyee kidogo, lisizame. Linuse hapohapo kwenye kikonyo. Harufu ya uchachu maana yake limeanza kuharibika ndani hata kama nje linang'aa.

Umbo halikuambii utamu. Mapapai ya mviringo hutoka kwenye mpapai jike, marefu hutoka kwenye mpapai wenye maua ya jinsia zote mbili. Marefu yana nyama nene na tundu dogo katikati, kwa hiyo kwa uzito uleule unapata chakula zaidi. Ndiyo maana wauza juisi wengi tunayapenda, hasa aina iitwayo Red Lady, ambayo nyama yake ni nyekundu.

Hatua ya 2: Liivishe

Lifunge kwenye gazeti, liweke kivulini pamoja na ndizi mbivu moja au mbili. Ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha uivaji. Siku mbili hadi nne zinatosha. Usiliingize kwenye friji kabla halijaiva, kwa sababu baridi hulidumaza: linabaki na madoa na ladha ya maji. Likishaiva, friji ni ruksa.

Hatua ya 3: Likate, ule, na ujue umekula nini

Osha ganda kwanza, maana kisu hupeleka uchafu wa nje ndani. Pasua kwa urefu, kwangua mbegu kwa kijiko (usizitupe, nitazirudia), kisha kamulia ndimu. Wako wasiopenda papai kwa sababu ya ile harufu yake nzito. Matone machache ya ndimu huikata, na chembe ya chumvi hukoleza utamu. Mteja aliyeniambia papai halimpandi kabisa, leo hula sahani nzima likiwa na ndimu.

Gramu 100 za papai bivu, yaani kipande cha upana wa vidole vitatu hivi, zina kalori 43 tu. Asilimia 88 ni maji. Sukari ni gramu 8 hivi, nyuzinyuzi karibu gramu 2. Utajiri wake ni vitamini C, miligramu 60 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate 45 kwa siku. Kipande hicho kimoja kimekumalizia hesabu ya siku.

Hapa naomba unisikilize vizuri, hasa wewe unayepikia familia kwa bajeti ndogo. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na matembele. Chuma cha mboga hufyonzwa kwa shida, tofauti na cha nyama. Kwa hiyo kipande cha papai katika mlo uleule wa ugali na maharage kinayafanya maharage yenyewe yawe na faida zaidi. Mama mjamzito, binti aliyeanza hedhi, mtoto anayekua, hawa wote wanakihitaji kipande hicho kuliko soda.

Rangi ya chungwa inatokana na karotini, ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A, na karotini za papai hufyonzwa kwa urahisi kuliko za karoti mbichi. Zinahitaji mafuta kidogo, kwa hiyo ule baada ya chakula, au pamoja na parachichi au karanga. Papai jekundu lina pia likopini, rangi ileile ya nyanya na tikiti maji.

Lakini papai halina protini ya maana, nusu gramu tu katika gramu 100. Nimeona watoto wachanga wanaoanzishiwa chakula wakipewa papai lililopondwa asubuhi, mchana na jioni kwa sababu wanalipenda. Mpe, ila uji wenye lishe, yai na dagaa visikosekane. Mwenye kisukari naye ale kipande, asinywe juisi, maana glasi moja hubeba vipande vitatu na nyuzi zimechujwa.

Hatua ya 4: Papai na maziwa

Ukisaga papai na maziwa, nywa palepale. Likikaa nusu saa linaanza uchungu, na watu hudhani maziwa yameharibika. Papai lina kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachokatakata protini, na vipande vya protini ya maziwa ni vichungu. Papai likiiva papaini hupungua sana lakini haiishi. Ukitaka juisi ya maziwa ikae, chemsha vipande vya papai dakika tano kwanza, vipoe, ndipo usage. Moto unaiua papaini, ingawa sehemu ya vitamini C itakwenda nayo. Kwa sababu hiyohiyo jeli ya unga wa gelatini haigandi ukiweka papai bichi.

Hatua ya 5: Papai bichi kwenye mishkaki

Ng'ombe wetu wengi wametembea malishoni miaka kadhaa kabla ya kufika buchani. Nyama yao ina ladha, lakini ni ngumu. Papaini iliyo kwenye utomvu wa papai bichi hukata nyuzi za nyama hiyo, na unga wa kulainishia nyama unaouzwa madukani mara nyingi ni utomvu huohuo uliokaushwa.

Kilichonifundisha mipaka yake ni oda ya harusi. Kilo 12 za steki. Nikazichanganya na papai bichi saa nne usiku ili asubuhi niwahi. Kulipokucha, kila kipande kilikuwa kimevaa ute wa kijivu, na nikikishika vidole vinaacha alama kama kwenye unga uliokandwa. Nilipokipasua kimoja, katikati bado kulikuwa na ugumu wa jana. Nilikwenda kununua nyama nyingine alfajiri ile, faida yote ikaishia buchani.

Papaini haizami. Hufanya kazi pale inapogusa, kwa hiyo ukiiacha muda mrefu unapata nje uji, ndani jiwe. Dawa yake ni vipande vidogo na muda mfupi. Tangu siku ile jikoni kwangu tunasema: viungo vilale, papai lisilale.

Kwa kilo moja ya steki, fanya hivi:

Kata vipande vya ukubwa wa sentimita mbili hadi tatu. Changanya na kitunguu swaumu na tangawizi zilizotwangwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, pilipili, chumvi na mafuta vijiko viwili. Hivi vinaweza kulala kwenye friji.

Saa moja kabla ya kuchoma, paka mafuta mikononi au vaa glavu, kwa sababu utomvu unawasha ngozi, na usiguse macho. Osha papai bichi, likwaruze pamoja na ganda lake, maana utomvu mwingi uko kwenye ganda. Pima vijiko viwili vya chakula, visizidi. Changanya na nyama kwa mikono mpaka kila kipande kiguswe. Acha dakika 45. Kwa nyama ya mbuzi mzee, fika saa moja na nusu.

Dakika 15 za mwisho kamulia ndimu, kisha tunga vijitini.

Moto nao una siri yake. Papaini huchangamka zaidi ikipata joto, hasa kwenye nyuzijoto 60 hadi 70 za Selsiasi, na hufa joto likipanda zaidi. Ukichoma kwenye makaa vuguvugu, unaipa dakika nyingi za kuendelea kula nyama kijitini, nayo itamomonyoka jikoni kabla ya kuiva. Subiri makaa yakolee, yawe mekundu yenye majivu membamba juu, na uweke mkono: usiweze kuvumilia zaidi ya sekunde tatu. Hapo nyama inashika rangi haraka na papaini inanyamaza.

Samaki usimguse na papai, atavurugika. Kuku wa kisasa hahitaji. Jogoo mzee wa kienyeji, ndiyo, nusu saa. Papai linalobaki likwaruze lote, gandisha kwenye vitrei vya barafu, kila kitundu ni kijiko kimoja. Barafu hailiui, hulilaza tu.

Wajawazito wanashauriwa kuepuka papai bichi na utomvu wake, ila bivu halina neno. Na mtu mwenye mzio wa mpira, kama ule wa glavu za hospitali au puto, awe mwangalifu, kwani anaweza kupata mzio wa papai pia.

Hatua ya 6: Papai bichi la nazi

Menya, pasua, toa mbegu nyeupe, kata vipande kama vya viazi. Loweka kwenye maji ya chumvi robo saa, utaona maji yanakuwa na ukungu wa utomvu. Mwaga, suuza. Kaanga kitunguu, nyanya, bizari ya manjano, tia papai na tui jepesi, funika mpaka uma uingie bila kusukuma. Ndipo utie tui zito na kukoroga taratibu upande mmoja, lisikatike. Kamba wabichi au dagaa waliokaangwa wakiingia hapo mwishoni, wali hautabaki. Ladha ya papai hili iko kati ya mung'unye na viazi, na huwa nafuu viazi vinapopanda bei.

Wagujarati wa pwani yetu hulikwaruza bichi, wakalikaanga kidogo na haradali, manjano na pilipili mbichi. Huita sambharo, na pembeni ya bhajia sijaona kachumbari inayolishinda.

Hatua ya 7: Jamu ya yale yaliyoiva kupita kiasi

Kilo moja ya papai lililopondwa, nusu kilo ya sukari, tangawizi, na ndimu nne. Usipunguze ndimu: papai lina asidi kidogo mno, bila ndimu jamu haishiki na haidumu. Chemsha moto wa wastani ukikoroga. Tone likiwekwa kwenye sahani ya baridi na kubaki limekaa bila kutiririka, imeiva. Jaza ingali moto kwenye chupa zilizochemshwa, ukishafungua weka kwenye friji.

Hatua ya 8: Mbegu

Osha mbegu kwenye chujio ukizisugua mpaka ule utando wa kuteleza utoke. Anika juani siku tatu nne, mpaka zikunjamane na kugonga kama mchanga kwenye kopo. Saga kwenye kinu. Zina ukali kama haradali na pilipili manga, na nyunyizo dogo juu ya parachichi au mayai linatosha. Wapo wanaozimeza kwa vijiko kuua minyoo, kama wanavyochemsha majani ya mpapai kwa malaria. Mimi nazitumia kama kiungo tu. Ukiwa na homa nenda ukapime, na dawa ya minyoo ipo zahanati.

Kwa kuwa zinafanana mno na pilipili manga, kuna wafanyabiashara wasio waaminifu wanaozichanganya. Ukinunua pilipili manga nzima, tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji. Pilipili nzuri huzama, mbegu za papai huelea. Zinazoelea zitoe moja moja, uipasue kwa meno: utaijua kwa ladha.