Somo: Kupanda daraja kwa Avios ukitokea London, na ile kodi inayonenepa kila Aprili

Wandugu, salaam. Tangu watu waanze kukata tiketi za likizo simu yangu haijapoa, na kilio ni kile kile: Avios, zile maili za zawadi za British Airways, ninazo, tiketi ninayo, nikibofya kupanda daraja ukurasa unanidai tena mamia ya pauni. Si walisema maili ni bure?

Hawakusema hivyo, ila walituacha tuamini. Basi leo tukae chini. Nitaongelea British Airways (BA) kati ya London na Nairobi, kwa sababu ndiyo njia ninayoifahamu kama ya kwenda dukani. Sisi wa Dar tunaunganisha hapo Nairobi, maana BA waliacha kutua kwetu mwaka 2013. Mengi ya hapa yatawafaa wanaopanda ndege nyingine pia.

Hatua ya 1: Jua unadaiwa na nani

Ukipanda daraja kwa Avios unalipa vitu vitatu. Kwanza Avios zenyewe, yaani tofauti kati ya bei ya kiti cha tuzo (kile kinachonunuliwa kwa Avios) cha daraja ulilopo na lile la juu yake. Pili, tozo la shirika, ambalo hupanda kadiri kiti kinavyopanda. Tatu, kodi. Watu wengi wanamlaumu BA kwa hiyo ya tatu, kumbe mdai ni serikali ya Uingereza kupitia kodi ya abiria, APD.

Kodi hii hupimwa kwa umbali na kwa kiti. Nairobi, Dodoma, Kampala, Kigali, Kinshasa, hata Muscat, zote ziko kwenye kundi moja la maili 2,001 hadi 5,500 kutoka London. Kwa kundi hilo, kuanzia Aprili 2024 daraja la chini kabisa lililipa pauni 88 na madaraja ya juu pauni 194. Aprili 2025 zikawa 90 na 216. Kuanzia Aprili 2026 ni 102 na 244.

Msiangalie hizo namba moja moja, angalieni pengo. Lilikuwa pauni 106, likawa 126, sasa ni 142. Aliyekaa kiti cha kawaida ameongezewa kidogo; anayetaka kunyoosha miguu ndiye aliyekamuliwa. Pengo hilo ndilo linalotokea kwenye skrini yako unapobofya, kabla hata shirika halijaweka la kwake.

Jambo la kushika hapa, maana somo lote limesimama juu yake: kwa APD, madaraja ya juu ni kitu kimoja. Daraja la kati, yaani World Traveller Plus, linatozwa sawasawa na Club World, lile la biashara lenye viti vya kulala, na hata First, daraja la kwanza. Aliyepata kiti kipana kidogo na aliyelala chali na shuka lake wote wanatoa 244.

Hatua ya 2: Angalia herufi kabla ya kutoa hela

Kila nauli ina herufi yake. Kwa BA, tiketi za bei ya chini kabisa za daraja la kawaida, herufi O, Q na G, hazipandi kwa Avios. Zimefungwa. Nunua nauli iliyo juu yake kidogo, na nunua kwa shirika moja kwa moja.

Nasema hivi nikiwa na kovu. Mwaka fulani, shirika silitaji, nilishangilia tiketi ya bei ya kutupa niliyoipata kwa wakala. Nikapiga simu kupandishwa, nikaambiwa nauli yako hairuhusu. Nikauliza kama naweza kuongeza hela ibadilike. Wakasema mwone wakala wako. Wakala akasema waone shirika. Nilirudi nyumbani magoti yamegusa kidevu, maili zangu zote ziko mfukoni.

Hatua ya 3: Tafuta kiti kwanza, tiketi baadaye

Huwezi kupanda daraja kama huko juu hakuna kiti cha tuzo. BA wanaahidi angalau viti 14 vya tuzo kwa kila safari yao ya masafa marefu: vinane daraja la kawaida, viwili la kati, vinne Club World. Vinafunguliwa siku 355 kabla ya safari. Viwili tu daraja la kati, mmesikia? Mume na mke wakishavichukua, wengine mnasubiri huruma.

Kwa hiyo ingia kama mtu anayetafuta tiketi nzima ya Avios. Ukiona kiti Club World tarehe yako, ndipo unanunua tiketi ya fedha ya daraja la kati na kuipandisha hapo hapo. Angalia pia kalenda yao ya siku za msimu na zisizo za msimu: Avios unazodaiwa huongezeka shule zinapofunga, na sote tunajua Desemba hali huwa vipi.

Hatua ya 4: Pandisha mguu mmoja, tena wa kurudi

Hapa ndipo pa kuokoa. APD hutozwa anayeondoka Uingereza. Anayeondoka Nairobi kuja London haimhusu kabisa. Kenya nayo ina tozo zake za uwanja, ila hazibagui kiti.

Na kama ratiba ni ile niliyoizoea, kwenda ni safari ya mchana: unakula, unatazama filamu mbili, unafika jioni. Kurudi ni usiku, na asubuhi una kazi. Sasa mtu mwenye akili timamu anatoa Avios zake na pauni 142 za kodi ili akae macho mchana kwenye kiti kipana kidogo? Nenda kawaida, rudi umelala, kwa tiketi ya kati uliyoipandisha Club World. Si lazima upandishe pande zote mbili.

Hatua ya 5: Toka daraja la kati kwenda Club World

Ukisisitiza kupandisha safari inayoanzia London, basi usitoke kawaida kwenda kati. Hapo ndipo unapolipa lile pengo la kodi, na unachopata ni sehemu ya kuwekea mguu na glasi ya kioo badala ya plastiki. Ukiwa na tiketi ya kati tayari ulishalipa kodi ya juu, kwa hiyo kuingia Club World hakuongezi hata senti ya APD. Linabaki tozo la shirika na Avios. BA huruhusu kupanda ngazi moja tu, kwa hiyo anayetoka kawaida hawezi kurukia kitandani.

Hatua ya 6: Gawanya

Chukua bei ya fedha ya daraja la juu, toa uliyolipa, toa na unachodaiwa sasa. Kinachobaki gawanya kwa Avios.

Namba hizi nimezitunga ili tufanye hesabu. Tuseme safari ya upande mmoja daraja la kati ni pauni 900 na Club World 1,700. Unadaiwa Avios 24,000 na pauni 80. Zinabaki 720, gawanya kwa 24,000, kila Avios imekununulia peni 3. Safi.

Sasa kawaida kwenda kati: 600 kwa 900. Unadaiwa Avios 13,000, kodi 142, na tozo 40. Katika zile 300 inabaki 118 tu. Kila Avios imeleta chini ya peni moja. Ungeongeza fedha taslimu ukatunza Avios. Mpaka wangu mimi ni peni moja. Chini ya hapo sitoi.

Hatua ya 7: Kabla ya kubofya, angalia kama shirika halikuuzii kiti hicho hicho kwa fedha kwa bei ya chini siku za mwisho. Mengi sasa yanafanya hivyo, mengine kwa mnada: unataja dau lako na kusubiri.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoeleza kwa nini maili zinazidi kulegea. Zamani kiti kilichobaki wazi huko mbele kilikuwa hasara, wakampa mwenye maili. Leo kina mnunuzi. Na maili zenyewe zimekuwa biashara kuliko nauli: mwaka 2024 shirika la Delta la Marekani peke yao walipokea takribani dola bilioni 7.4 kutoka kampuni ya kadi ya American Express, na mwaka 2020 wenzao wa United waliweka mpango wao wa maili rehani wakakopa dola bilioni 6.8. Anayechapa noti ndiye anayepanga zinanunua nini. Huku kwetu, tangu Oktoba 2023 BA hawahesabu umbali uliosafiri bali pauni ulizotoa: mwanachama wa kawaida Avios 6 kwa kila pauni. Aliyenunua tiketi ya bei poa anavuna kiduchu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili, Leicester: Kaka, sisi ni wanne, mdogo ana miaka 7 na mkubwa 13. Baba yao anataka tuende wote daraja la kati kwa Avios. Nimkubalie?

Dada, mwonyeshe hesabu hii kabla hajabofya. Watoto chini ya miaka 16 hawalipi APD kabisa wakiwa daraja la kawaida. Wakipanda tu daraja la kati msamaha unafutika, nao wanalipa kama wazee. Mkikaa kawaida: nyinyi wawili 102 kila mmoja, jumla 204, watoto sifuri. Mkipanda wote: 244 mara nne, 976. Tofauti ni pauni 772 za kodi tupu, Avios na tozo hazijaingia. Kurudi kutoka Nairobi hayo hayapo, kwa hiyo kama roho yake imeng'ang'ania, mpeni usiku huo. Ila mkumbuke vile viti viwili vya ahadi. Kichanga wa chini ya miaka miwili asiye na kiti chake halipi popote alipo.

Mdau wa Houston: Mwalimu, sisi wa Marekani tunaounganisha London, hiyo APD inatugusa?

Kama tiketi ni moja na hukai London zaidi ya saa 24, haikugusi. Lakini nyie mna yenu. Kwa miaka mingi jedwali la kupanda daraja la shirika la American, kati ya Marekani na Ulaya, kwa nauli za chini, lilisomeka maili 25,000 pamoja na dola 350 kila upande. La United lilikuwa maili 20,000 na dola 550. Kwa hiyo kulipa fedha juu ya maili ninyi mlianza kuzoea kabla yetu. Majedwali nayo yanatoweka: kwa tiketi za tuzo Delta waliondoa lao 2015, United 2019, bei unaikuta kwenye skrini siku hiyo. Piga picha ya skrini kila unapoangalia, angalau ujue wiki hii imepanda au imeshuka.

Mjomba wa Reading: Nasikia ukianzia Dublin hulipi. Ni kweli au ni maneno ya kijiweni?

Ni kweli, mjomba. Ireland walifuta kodi yao ya abiria mwaka 2014. Tiketi moja Dublin–London–Nairobi, ukiunganisha ndani ya saa 24, haina APD. Lakini uanzie Dublin kweli. Ukiruka kipande cha kwanza tiketi yote inafutwa. Na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Ireland, kibali cha kuishi Uingereza hakimtoshi. Jumlisha tiketi ya kwenda Dublin, na pengine hoteli. Kwa mtu mmoja sioni faida. Kwa familia ya Mama Wawili hapo juu, ningekaa na kalamu.

Binti Pangani: Shikamoo. Nilipandishwa kwa maili, nikafika kaunta nikaambiwa viti vimejaa, nikarudishwa nyuma. Walinirudishia maili tu. Ni haki?

Marahaba. Haitoshi. Kwa safari inayoondoka Uingereza, au inayoingia Uingereza kwa shirika la Uingereza au la Ulaya, sheria inasema ukishushwa daraja kwenye safari inayozidi kilomita 3,500 unarudishiwa asilimia 75 ya bei ya tiketi ya kipande hicho, ndani ya siku saba. Tiketi zilizotolewa chini ya mipango ya maili zimo ndani ya sheria hiyo. Andika barua, ambatanisha ile pasi ya kwanza ya kupandia ndege yenye kiti cha juu na ya pili. Kama uliitupa ya kwanza, tafuta barua pepe ya uthibitisho. Ukiwa umetoka Nairobi na shirika la Kiafrika, hapo sheria hii haikubebi.

Mzee wa Kahawa: Na tukienda na Kenya Airways?

Kodi ni ile ile, mzee wangu, APD haiangalii rangi ya ndege. Kinachobadilika ni tozo na maili. Avios zako hazina kazi huko. Zamani walikuwa ndani ya Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, sasa wana mpango wao, Asante Rewards.

Mgeni Jijini: Je, nikivaa suti na kuongea vizuri kaunta watanipandisha bure?

Wakikupandisha wenyewe kwa sababu nyuma kumejaa, hawaruhusiwi kukudai nyongeza, na ile pauni 142 hulipi. Ila wanachagua kwa kuangalia kadi ya uanachama na nauli uliyolipa. Nimevaa suti mara nne. Safari zote nne nilifika Nairobi suti imekunjamana.