Mfuniko si kipimo: lipime bomba lako kwanza

"Vifuniko viwili au vitatu?" Swali hili halikosi kusikika kwenye mashamba ya nyanya ya Ngarenanyuki, mtu kashika chupa ya dawa mkono huu na mfuniko mkono ule. Swali lenyewe ndilo bovu. Mifuniko hailingani ujazo, na lebo inasema mililita: kwa lita 20 za maji, kwa ekari au kwa hekta. Kiwango hicho kimetokana na majaribio ya shambani kabla dawa haijasajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni. Kikiwa cha ekari, hakikusaidii mpaka ujue bomba lako la kupulizia, kwa mwendo wako, linamwaga maji kiasi gani.

Lipime kwa maji matupu. Weka vigingi vya mraba wa mita 10 kwa 10 ndani ya shamba lenyewe, si barabarani, maana kwenye matuta hutembei kama kwenye lami. Simamisha bomba mahali tambarare, jaza hadi alama uliyoichagua, pulizia mraba wote kwa mwendo wako wa kila siku. Rudisha bomba palepale, ongeza maji kwa jagi lenye vipimo mpaka alama ileile. Uliyoongeza ndiyo uliyotumia. Rudia mara 3, chukua wastani, zidisha kwa 40, kwa kuwa ekari ni takriban mita za mraba 4,000.

Tuseme umetumia lita 4. Ekari itakunywa lita 160, yaani mabomba 10 ya lita 16. Lebo ikitaka mililita 500 kwa ekari, kila bomba linapata 50. Sasa yule wa vifuniko viwili vya mililita 10 katia 20, hata nusu haijafika! Kantangaze, wadudu wa nyanya, walio dhaifu wanakufa, sugu wanabaki kuzaana, naye anarudi dukani kulalamika kuwa dawa ni feki. Dawa haina kosa hapo.

Soma lebo mara mbili: kipimo cha hekta ukikitia kwenye ekari, umezidisha karibu mara mbili na nusu. Cha hekta gawanya kwa 2.5. Pimia kwa sirinji kubwa ya duka la mifugo, iwe ya dawa tu, isirudi kwa ng'ombe wala jikoni.

Kibarua akibadilika, pima upya. Nyanya zikishafunga majani, pima upya pia. Ukipatia, dawa na ekari huisha pamoja.

Nozeli, ile ncha inayotoa dawa, nayo huchakaa. Kinga maji yake kwa dakika 1 ikiwa mpya, andika kiasi. Siku ikizidi hapo kwa asilimia 10, itupe. Ikiziba, isafishe kwa mswaki laini na maji. Waya na msumari hutanua tundu, na hesabu yote ya juu inaharibika. Na kuipuliza kwa mdomo, jamani, mpaka leo?